Somo: Kupima pengo la kipato kati ya kaya zenye mahitaji tofauti

Ndugu zangu, ukisikia mtu anataja pengo la kipato Uganda, swali la kwanza liwe hili: watu wa ndani ya nyumba wamehesabiwaje? Laki sita za kijana anayeishi peke yake si laki sita za mama mwenye watoto watano. Shika kalamu tupige hesabu. Kaya hizi nimezitunga kwa ajili ya somo, mapato ni ya mwezi:

Kampala, Kisenyi: kijana wa bodaboda, peke yake, shilingi 600,000.
Jinja: mume, mke na watoto wanne wadogo, 1,080,000.
Arua: bibi na wajukuu watatu, mmoja ana miaka 15, wawili hawajafika 14, 420,000.

Hatua ya 1. Amua nani ni wa kaya: wanaolala hapo na kula chungu kimoja.

Hatua ya 2. Jumlisha kila kinachoingia, pamoja na pesa za kutumiwa kwa simu na thamani ya chakula cha shambani. Ukiacha matoke na muhogo wa kujilimia, mkulima ataonekana fukara kuliko alivyo. Ofisi ya Takwimu ya Uganda (UBOS) hupima kwa matumizi badala ya mapato, nami naafiki: mapato ya mkulima huja kwa msimu, lakini kula ni kila siku.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Ukigawa pesa kwa vichwa tu, umesema mtoto wa miaka mitatu anahitaji sawa na baba yake, tena kuishi pamoja hakuokoi kitu. Tazama sigiri: makaa ya kuivisha maharage ya mtu mmoja yanakaribia kutosha ya watu sita. Taa ni ile ile, paa ni lile lile. Posho, yaani ugali, je? Kila tumbo linataka lake. Kipimo kilichozoeleka Ulaya, cha OECD (shirika la kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri) kilichorekebishwa, humpa mtu mzima wa kwanza 1, kila mwingine wa miaka 14 na zaidi 0.5, na kila mtoto chini ya hapo 0.3. Jinja inapata 2.7, Arua 2.1. Gawanya: 600,000, 400,000, 200,000.

Hatua ya 4. Hesabu watu, si kaya, la sivyo kijana mmoja atakuwa na uzito wa watu sita. Tuna watu 11, kila mmoja na kiwango cha kaya yake.

Hatua ya 5. Tafuta Gini, namba inayopima pengo: 0 ni wote sawa, ikikaribia 1 ni mmoja kashika karibu vyote. Chukua kila jozi ya watu mara moja, jumlisha tofauti zao: 7,600,000. Gawanya kwa 11 × 11 × wastani wa 345,455. Jibu ni 0.18.

Ukigawa kwa vichwa, inatoka 0.27. Pesa zile zile, watu wale wale! Gini isiyotajiwa kipimo chake usiikubali.

MASWALI

Mwanachama, Mbale: Mwalimu, hiyo 0.3 ya mtoto inatufaa sisi?

Jibu: Naiona ndogo mno. Inafaa kwa wanaotumia pesa nyingi kwenye nyumba na umeme, vitu vya kuchangia. Kaya maskini za kwetu pesa yao huishia kwenye chakula. Jaribu kipimo cha zamani cha OECD, mtu mzima wa ziada 0.7 na mtoto 0.5: Gini yetu inapanda hadi 0.21. Andika majibu yote mawili, msomaji aone.

Mwanachama, Arua: Mjukuu mmoja akiwa na ulemavu?

Jibu: Asante sana kwa swali hili, maana umri na idadi havimwoni mtoto huyo. Toa kwanza gharama zake kwenye mapato. Dawa na nauli ya hospitali zikiwa 84,000, bibi anabaki na 336,000. Gawa kwa 2.1, unapata 160,000, si 200,000. Na hapo hatujagusa kazi aliyoiacha ili amwangalie.

Mwanachama, Masaka: Mtoto wa bweni tumhesabu?

Jibu: Kama ada inatoka kwenye kaya hiyo na likizo anarudi hapo, mhesabu. Ukimtoa yeye, toa na ada yake.