Hesabu saa, usihesabu kilomita: kupanga safari ya miguu kwenye njia ngumu ya msituni

Safari yangu ya kwanza ya kulala msituni niliipanga kwa uzi. Niliulaza juu ya ramani, nikaupindisha kufuata njia, kisha nikaunyoosha kwenye rula: kilomita 11. Nikawaambia wenzangu ni mwendo wa saa tatu, tukizembea sana nne. Tulitembea saa nane. Kulikuwa na mizizi, mawe ya utelezi, miti iliyoanguka na kulala njiani, na kijito kilichotuvua viatu mara tatu. Giza likatukuta, tukapiga hema pa kwanza palipoonekana tambarare, na kwa mwanga wa tochi hatukugundua kwamba ni mkondo wa maji uliokauka. Mvua ilikuja usiku.

Tangu hapo kilomita kwangu ni mwanzo wa hesabu tu. Ninachopanga ni saa.

Hatua ya 1: Isome njia kabla hujaipenda

Picha za waliotangulia huonyesha kilele na maporomoko ya maji. Tope halipigwi picha. Kwa hiyo anza na ramani yenye kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita 1 ni mita 500 ardhini. Tazama pembeni mwa ramani ujue tofauti ya kimo kati ya mstari na mstari. Mara nyingi ni mita 20. Ukikuta mistari 10 imebanana ndani ya sentimita 1, ina maana utapanda mita 200 katika umbali wa mita 500. Hapo hutembei, unakwea. Patie alama kwa penseli.

Halafu jumlisha kila pahali pa kupanda, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Njia inaanzia kwenye kimo cha mita 1,200 na kuishia 1,500, mtu anasema "mita 300 tu". Lakini katikati imeshuka mabonde mawili, kila moja la mita 200, na ikapanda tena. Miguu yako itapanda mita 700.

Ukipata mtu aliyepita huko karibuni, usimuulize kama njia ni ngumu, kwa sababu kila mtu ana ngumu yake. Muulize alitumia saa ngapi, alibeba mzigo gani, na vijito vilimfika wapi mguuni.

Hatua ya 2: Geuza umbali uwe muda

Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa hesabu hii: saa moja kwa kila kilomita 5 takriban, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Tuchukue njia ya kilomita 14 yenye zile mita 700. Kilomita zinakupa saa 2 na dakika 48, kupanda kunaongeza saa 1 na dakika 10. Jumla ni saa nne kasoro dakika mbili.

Lakini hayo ni makadirio ya mtu mwepesi kwenye njia nzuri. Wewe una begi mgongoni na mizizi miguuni. Kwa msitu mgumu mimi nazidisha kwa moja na nusu, nikapata saa sita, kisha naongeza mapumziko ya dakika 10 kila saa. Saa saba. Kama kuna mteremko mkali, naongeza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka. Usitegemee kwamba kushuka kutakurudishia muda. Kwenye majani yaliyolowa, mteremko ndipo watu huanguka.

Mkiwa kundi, hesabu ni ya yule wa mwisho. Atembee mbele au katikati, asiachwe nyuma, maana akiachwa hufika wenzake wamekwisha kupumzika na wanataka kuondoka, basi yeye hapumziki kabisa.

Hatua ya 3: Hesabu kurudi nyuma kutoka machweo

Tafuta saa ya machweo ya tarehe hiyo na mahali hapo. Toa saa mbili. Hiyo ndiyo saa ya kuwa umefika kambini, kwa kuwa chini ya miti giza huwahi, na bado kuna hema, maji na chakula. Safari yetu ya saa saba, ukianza saa moja asubuhi utafika saa nane mchana na nafasi ya kukosea unayo. Ukianza saa nne, utafika saa kumi na moja jioni na nafasi hiyo umeshaitumia.

Kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, weka saa ya kugeuka na mkubaliane nayo mkiwa bado nyumbani. Ikifika mnageuka, hata kilele kiwe kinaonekana. Kukubaliana mkiwa mbele ya kilele hakuwezekani, nimejaribu.

Hatua ya 4: Maji na pa kulala

Weka makadirio ya nusu lita kwa saa, zaidi kukiwa na joto. Saa saba ni lita tatu na nusu, yaani kilo tatu na nusu begani. Ndiyo maana unatafuta pa kujazia. Mistari ya buluu iliyokatikakatika kwenye ramani ni vijito vya msimu, usivitegemee wakati wa kiangazi.

Maji ya kijito yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja kamili. Juu ya kimo cha mita 2,000, dakika tatu. Vichujio vingi vya mkononi huzuia bakteria lakini virusi hupita. Ukitumia vidonge, yachuje matope kwa kitambaa kwanza, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Pa kulala pawe angalau mita 60 kutoka kwenye maji. Choo pia, ndani ya shimo la sentimita 15 hadi 20. Kabla ya kufungua hema, tazama juu. Tawi lililokufa na kuning'inia linaweza kuanguka bila upepo wowote.

Hatua ya 5: Begi

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa hiyo usisikilize ushauri wa mtu ambaye hatalibeba begi lako. Kipimo changu ni moja ya tano ya uzito wa mwili: mtu wa kilo 65 asizidishe kilo 13, maji yakiwemo. Panda kwenye mizani na begi, kisha bila begi.

Mfuko wa kulalia uwe chini kabisa, vizito katikati karibu na mgongo, koti la mvua juu. Funika kila kitu kwa mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya begi, si nje, kwa sababu matawi huchana vifuniko vya nje. Nguo za pamba ziache, zikilowa hazikauki; mtu aliyelowa akapigwa na upepo anaweza kupoteza joto la mwili kwa hatari hata kwenye nyuzi 10. Ongeza tochi ya kichwani, dira, ramani ya karatasi, filimbi na plasta za malengelenge. Viatu vipya, hapana.

Ramani ya simu ipakue kabla, kisha simu iwe kwenye hali ya ndegeni ili betri idumu.

Hatua ya 6: Jaribu, kisha mwachie mtu ratiba

Wiki mbili kabla, tembea saa tatu na begi lote lililojaa. Kinachokukera siku hiyo kitakuumiza msituni.

Mwandikie mtu anayebaki: njia gani, mnalala wapi, mnarudi lini, na baada ya saa ngapi za ukimya aombe msaada. Ukikwama, ishara inayotumika sana milimani ni filimbi mara sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha rudia. Jibu ni mara tatu.

Hatua ya 7: Saa ya kwanza njiani

Baada ya saa moja ya kutembea, simama ulinganishe ulipo na ulipopaswa kuwa. Kama mmechelewa kwa robo ya muda, saa saba zitakuwa karibu tisa. Zitoe kwenye machweo hapohapo, huku bado mna nguvu, na mchague: kambi ya karibu zaidi, au kurudi.