Kwenda kuzamia baharini Utila bila kuliwa mzimamzima na mbu na usubi

Mi nimezaliwa Tanga, nimekulia karibu na mikoko, kwa hiyo nilivokuwa nafunga begi hapa Houston kwenda Utila nilijisemea tu, mbu wa Karibiani atanifanya nini mimi. Asubuhi ya pili nimekaa kwenye gati nafunga regyuleta, kile kifaa cha kupumulia majini, kwenye mtungi wa hewa, bahari shwari, upepo hakuna kabisa, nikaangalia miguu. Kuanzia kifundo mpaka gotini vipele vyekundu vidogovidogo, nikavihesabu mguu mmoja nikafika sitini nikaacha. Na sikusikia hata mmoja akilia sikioni. Kumbe wale hawakuwa mbu, walikuwa usubi, na mi dawa niliyobeba ilikuwa ya mbu na nimeiacha chumbani.

Sasa nimeshaenda mara tatu, na mara ya tatu nilirudi na vipele vinne tu, kwa hiyo naandika hapa kwa anayetaka kwenda, hasa nyie mlioko Marekani maana kutoka huku ndege ya moja kwa moja mpaka Roatán ipo, halafu unavuka. Utila iko Honduras, ni mojawapo ya vile visiwa vitatu vikubwa vya Islas de la Bahía, vingine ni Roatán na Guanaja. Watu wanaenda kwa sababu kozi ya kuzamia kule bei yake ni ya chini sana ukilinganisha na sehemu nyingi, na matumbawe yake ni sehemu ya ule mwamba mrefu unaoanzia Yucatán kule Mexico unapita Belize mpaka Honduras, kama kilomita 1,000 hivi, wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Australia. Na papa potwe, wale papa wakubwa kabisa, wapo, walewale wa kisiwa cha Mafia, kule wanaonekana sana Machi na Aprili. Kiingereza wanaongea, cha kwao cha visiwani, ukizoea siku mbili unaelewa.

Shida ni kwamba sehemu kubwa ya kisiwa ni kinamasi na mikoko. Ndo uzuri wake na ndo balaa lake. Na hesabu ni hii: unazamia mara mbili kwa siku, kila mara kama saa moja, zinazobaki saa ishirini na mbili uko nchi kavu wewe ni chakula. Watu wanapanga daivu, yaani kila mzamo, kwa makini sana, kina, hewa, muda, halafu zile saa ishirini na mbili hawazipangii chochote. Zipangie.

Kwanza ujue nani anauma saa ngapi maana wako wa aina tatu na kila mmoja ana ratiba yake. Usubi wanatoka alfajiri na jioni jua linapozama, kwenye mchanga na karibu na mikoko, na wanatoka PALE UPEPO UNAPOLALA. Wadogo mno, upepo kidogo tu hawawezi kuruka. Aedes, yule mbu mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, huyo ni wa mchana, asubuhi na tena alasiri, anakuuma kwenye kifundo chini ya meza wakati we unakula, na huyo ndo wa dengue, chikungunya na zika. Halafu Anopheles wa usiku, wa malaria, huyo tunamjua sote. Kwa hiyo ukisema "nitajipaka jioni" umeshachelewa, jioni ni zamu ya mmoja tu kati ya watatu.

Aedes huyo ni wa kwetu kabisa, asili yake ni Afrika, alivuka Atlantiki kwenye mapipa ya maji ya meli za watumwa. Na chikungunya ni neno la Kimakonde, maana yake kile kinachokunja, ugonjwa ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, halafu ukafika Karibiani kwenye kisiwa cha Saint Martin Desemba 2013 ukasambaa visiwa karibu vyote. Nilivomwambia nahodha wetu kwamba jina la ule ugonjwa uliomlaza wiki nzima ni la lugha ya nyumbani kwetu aliniangalia kama mi ndo niliyeuleta.

Cha kubeba. Dawa ya kupaka yenye DEET asilimia 20 mpaka 30 inatosha, hizo za asilimia 100 hazifukuzi zaidi, zinakaa muda mrefu tu. Ila mzamiaji mi nakushauri uchukue ya pikaridini asilimia 20, sababu ni moja: DEET inayeyusha plastiki. Si utani. Safari ya kwanza nilipaka DEET kwa mikono nikashika kompyuta yangu ya kuzamia, ile ya kuonyesha kina, kioo kikabaki na alama za vidole vyangu vitatu, haziondoki mpaka leo, kila nikisoma kina nasoma kupitia dole gumba langu mwenyewe. Inaharibu na nguo za kuvutika, zile spandeksi za kuvalia chini ya wetsuti, suti ya mpira ya kuzamia. Pikaridini haina hayo mambo. Yoyote utakayochukua, osha viganja kabla hujagusa maski, maana dawa ikikaa ndani ya maski halafu maji yakaingia kidogo kwenye mita kumi na tano, macho yatawaka na huna pa kujifutia.

Kwa usubi beba mafuta ya nazi au mafuta ya watoto. Wenyeji wa kule ndo wanavofanya na inafanya kazi kwa njia ya kijinga kabisa, kadudu kanatua kwenye mafuta kanakwama. Ukijiangalia mkono jioni utaona vidoa vyeusi kama umemwagiwa pilipili manga, ndo wao hao. Mafuta yakikauka wanarudi, kwa hiyo unapaka tena na tena, unanukia kama wali wa nazi, sawa tu. Usipake kabla ya kuzamia, utateleza, maski haitashika, na mafuta yote yanaishia baharini.

Nguo: suruali nyepesi ndefu na shati la mikono mirefu, rangi ya kupauka. Soksi! Watu wanacheka soksi kwenye kisiwa, acha wacheke. Ukiweza zipulizie pemetrini, dawa ya kuua wadudu, nyumbani siku moja kabla, ikikauka inakaa hata ukifua mara kadhaa, ila hiyo ni sumu kali kwa samaki na viumbe vya baharini kwa hiyo nguo hizo usiingie nazo majini wala usizisuuze gatini. Neti ya kawaida ya mbu inamzuia mbu, usubi anapita kwenye tundu kama mlango wa sebuleni, kwa hiyo kama unabeba neti tafuta yenye matundu madogo kabisa. Na ukikodi chumba usiulize kama kina wifi, uliza kama kina feni na wavu madirishani. Feni ni dawa kuliko dawa zote. Mbu na usubi wote ni warukaji wabovu, feni ikielekezwa kitandani miguuni hawakufikii.

Chumba kiwe upande unaopigwa na upepo, juu kama kuna ghorofa, mbali na kinamasi. Kile cha bei chee nyuma kule kwenye miti usikichukue, tofauti ya bei utaimaliza kwenye dawa ya muwasho. Miezi pia, mvua kubwa ni kuanzia Oktoba mpaka Januari hivi na ndo mbu wanapojaa, hata maji yanachafuka kidogo. Machi na Aprili kukavu kidogo na papa potwe wapo, mi naenda hapo.

Siku yenyewe mi naiendesha hivi. Naamka, kabla ya kufungua mlango napaka dawa, maana saa kumi na mbili asubuhi kwenye gati ndo usubi wanakusubiri. Boti ikiondoka tu umepona, baharini hakuna mbu. Maji yanaondoa dawa yote, hilo watu wanasahau kabisa: ukitoka kwenye daivu huna kitu mwilini hata kama ulipaka saa moja iliyopita. Yale mapumziko kati ya daivu ya kwanza na ya pili, kama yako kwenye boti sawa, lakini senta nyingine za kuzamia zinakurudisha nchi kavu unakula ndizi umekaa kivulini na chupi ya kuogelea imelowa, hapo ndo Aedes anapokumaliza. Jifute, paka sanskrini, ile ya kukinga jua, KWANZA, subiri inywee, ndo upake dawa ya mbu juu yake. Ukigeuza unaifunika dawa. Na sanskrini chukua ya zinki, isiwe na kemikali ya oksibenzoni, matumbawe hayaitaki, kisiwa cha Bonaire wameshapiga marufuku kabisa.

Kama una daivu ya usiku, wetsuti vaa mapema, kabla jua halijazama. Milimita tatu za neopreni usubi hapenyi. Utatoka jasho dakika ishirini lakini utakuwa unawaangalia wenzako wanavojipiga makofi.

Halafu mapipa ya kuoshea vifaa. Kila senta ina mapipa ya maji baridi ya kusuuzia regyuleta na majaketi ya kuzamia. Siku moja nimeinama kuosha maski nikaona kwenye lile pipa la pembeni lisilotumika viluwiluwi vya mbu vinajipindapinda, vinapanda juu kuvuta pumzi vinashuka, kama wazamiaji wasiojua kutulia majini, mia na zaidi, na pipa liko hatua nne kutoka kwenye benchi tunalokaa wote. Aedes hataki kinamasi, anataka maji masafi yaliyotulia kwenye chombo, na kutoka yai mpaka mbu ni kama wiki moja na kitu tu. Mi na fundi wa mitungi tulilipindua hapohapo. Kwa hiyo ukifika senta angalia mapipa, buti zilizojaa maji ya mvua, matairi ya zamani kwenye gati, na umwambie mwenye senta kwa heshima tu, amwage na kusugua kila wiki maana mayai yanashika ukutani. Senta yenye mapipa machafu mi hata hewa ya mitungi yao naitilia shaka.

Vidonge vya kuzuia malaria sasa. Ongea na daktari anayejua kuhusu uzamiaji, na umwambie unazamia, usimwambie tu naenda Honduras. Malaria ya kule ni kidogo kulinganisha na kwetu na nyingi ni ya aina ya vivax, klorokwini bado inaiweza. Dawa ya kuepuka ni meflokwini, inaleta kizunguzungu na wasiwasi, hivyo vitu viwili chini ya maji havitakiwi na vinafanana na dalili za ugonjwa wa viputo, ule wa naitrojeni kutengeneza viputo mwilini mzamiaji anapopanda juu. Doksi (doxycycline), nayo ya malaria, inafanya ngozi iungue na jua haraka. Na zile dawa za kuzuia muwasho zinazoleta usingizi usimeze asubuhi ya kuzamia, meza usiku. Anayetoka Kenya au Tanzania abebe kadi ya njano ya homa ya manjano, sindano iwe imepigwa angalau siku kumi kabla.

Na hapa nasimulia kidogo. Safari ya pili rafiki yangu tuliyekwenda naye aliamka magoti na viwiko vinauma, kachoka, jana yake tulizamia mara tatu na moja ilikuwa mita thelathini. Mi moja kwa moja nikawaza viputo, nikaanza kuulizia chemba, kile chumba cha shinikizo cha kutibia viputo (chemba zipo, Utila na Roatán pia). Mzee mmoja wa pale senta akamwekea tu mkono shingoni, akasema huyu anachemka. Thelathini na tisa na nusu. Ugonjwa wa viputo kwa kawaida hauleti homa, na mara nyingi unajitokeza ndani ya saa 24 baada ya kutoka majini. Dengue inaleta homa kali, maumivu nyuma ya macho, na vipele baadaye. Ilikuwa dengue, ileile kidingapopo iliyowalaza watu Dar 2019. Kwa hiyo beba kipimajoto, bei yake ni ya soda tatu. Lakini sikiliza, kama viungo vinauma baada ya kuzamia na HUNA homa, au kuna ganzi, au mguu hauna nguvu, usikae kubahatisha, nenda kwenye chemba wakupime. Kukiwa na homa, majini huingii, kunywa maji mengi, paracetamol tu. Aspirini na ibuprofeni acha kabisa mpaka ithibitike si dengue, maana zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Na tumbo likianza kuuma sana au ukatapika mfululizo wakati homa inashuka, hospitali hapohapo, huo ndo wakati mbaya wa dengue.

Vipele usikune, najua, lakini kipele kilichokunwa kikiloa maji ya chumvi kila siku na kusuguliwa na wetsuti kinageuka kidonda. Weka juu yake kitambaa kilicholowa maji ya moto kiasi cha kuvumilika, dakika moja, muwasho unapungua. Siki wanasema, mi haijanisaidia.

Siku ya mwisho ndo mbaya kuliko zote. Baada ya daivu kadhaa unasubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo hakuna kuzamia, na kwa kuwa huzamii unakaa, unatembea ufukweni jioni, unasahau mafuta kwa sababu begi limeshafungwa. Vile vipele vyangu vinne vyote nilivipata hapo, kwenye ngazi za baa moja saa kumi na mbili na nusu jioni, upepo umelala. Sasa hivi kichupa cha mafuta ya nazi kinaingia begini mwisho kabisa, baada ya pasipoti.