Shamba hadi mjini kila siku: namna ya kupunguza mafuta ya gari

Anayekaa Makunduchi, Kizimkazi au Nungwi huku Unguja na kazi yake iko mjini, kwenda na kurudi anakula zaidi ya kilomita mia kwa siku. Kwa mwendo huo, kilomita moja au mbili kwa lita si jambo dogo. Chukua kilomita 120 kwa siku, siku 22 za kazi: jumla 2,640 kwa mwezi. Gari inayotembea kilomita 12 kwa lita itakunywa lita 220. Ikifika 14 kwa lita, itakunywa kama lita 189. Tukipiga hesabu kwa shilingi 3,000 kwa lita, hapo umebakiza zaidi ya shilingi 90,000, na hukununua kifaa chochote cha miujiza.

Kuzunguka kutafuta sheli ya bei nafuu hakusaidii, maana bei za mafuta Zanzibar hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati. Kujaza alfajiri kwa sababu "mafuta ya baridi ni mazito" nako hakuna faida ya maana: tangi la sheli limezikwa ardhini, na joto lake halibadiliki sana baina ya asubuhi na mchana. Petroli ya chupa ya barabarani iache kwa dharura tu. Kipimo chake hukijui, na ikiwa na maji au mchanga, pampu na nozeli zinazonyunyizia petroli kwenye injini ndizo zitakazolipa.

Pima kwanza

Usibadilishe kitu kabla hujajua gari yako inakula kiasi gani. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, na usimruhusu muuzaji aongeze kidogo kidogo ili pesa ziwe kamili. Rudisha trip, kihesabu cha kilomita za safari, kwenye sifuri. Endesha kama kawaida mpaka ibaki robo tangi, kisha rudi sheli ile ile, bomba lile lile, gari ikiwa imesimama upande ule ule, ujaze tena mpaka lijikate. Gawa kilomita kwa lita. Ukitembea 402 na ukajaza lita 33.5, umepata 12.

Bomba lile lile lina maana yake. Kila bomba lina mahali pake pa kujikata, na sakafu ya sheli ikiinama kidogo tu unaweza kukosea lita moja au zaidi. Kipimo kimoja hakitoshi. Chukua viwili au vitatu ndipo uamini. Na ukibadilisha, badilisha kitu kimoja kwa wakati, usije ukashindwa kujua kilichosaidia ni kipi.

Anayenunua mafuta ya elfu kumi kumi hawezi kupima hivi. Tena gari inayotembea siku zote na taa ya mafuta ikiwaka inaichosha pampu yake, kwa kuwa pampu iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka.

Mguu na matuta

Barabara zetu za shamba zina tabia moja: kipande kizuri kilichonyooka, halafu kijiji, halafu matuta. Dereva anakanyaga mpaka 100, anaona tuta, anapiga breki, anaanza upya. Mafuta mengi yanapotelea hapo. Kila unapopiga breki, mwendo ulioununua kwa petroli unageuka kuwa joto kwenye diski, na baada ya tuta unaununua tena.

Upepo unaoikinza gari hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 hadi 100 mwendo umeongezeka robo, lakini ukinzani wa upepo umeongezeka kwa asilimia 56. Kilomita 60 kwa mwendo wa 80 bila kusimama ni dakika 45, na kwa 100 ni dakika 36. Hizo dakika tisa ni za kwenye karatasi tu. Ukishahesabu vijiji, matuta na foleni ya kuingia mjini, zinazobaki ni chache. Chagua 70 hadi 80 pale barabara na alama zinaporuhusu, na ubaki hapo.

Ukishaliona tuta, au kibao cha kijiji, mita 200 au 300 mbele, achia mafuta kabisa na uiache gari kwenye gia. Injini za nozeli zinazoongozwa na kompyuta hukata petroli kabisa ukiondoa mguu huku magurudumu yanaizungusha injini. Ukitia nyutro, injini inarudi sailensa, yaani mzunguko wake wa chini wa kusimama, na inaendelea kunywa, na mwendo wote unabaki kuzuiwa na breki peke yake. Kwa hiyo nyutro ya kuteremkia haiokoi chochote, na ni hatari. Ukishavuka tuta usikanyage hadi chini, wala usijikokote. Kanyaga kwa wastani, gia zipande haraka, kisha ulegeze mguu mwendo ukishatulia.

Wenye otomatiki watazame dashibodi. Taa ya rangi ya chungwa iliyoandikwa O/D OFF ikiwaka, gia ya juu imefungwa, na injini inazunguka zaidi ya inavyohitajika njia nzima. Kitufe chake kwenye Toyota IST, Raum na nyingi za umri huo kiko kwenye mkono wa gia, na hubonyezwa kwa bahati mbaya mara nyingi sana.

Upepo wa matairi

Kipimo sahihi kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa, na vipimo vingi vya upepo husoma psi: kPa 220 ni kama psi 32, na 230 ni 33. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi, usiijaze hiyo.

Kosa la kawaida ni kupima sheli baada ya kutembea. Tairi ikipata moto, kipimo hupanda psi tatu hadi nne, kwa hiyo inayosoma 32 hapo, kesho alfajiri itakuwa 28 au 29. Nunua kipimo chako mwenyewe, pima nyumbani kabla ya kuondoka, mara moja kwa wiki mbili. Tairi zikilika upande mmoja, ndani au nje, peleka gari ikapimwe alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu. Mashimo huipotosha, na tairi inayoburutwa kwa mshazari inakula mafuta pamoja na mpira.

Breki zinazoshika

Hili huku visiwani linastahili kuangaliwa kabla ya mengi, kwa sababu ya hewa ya chumvi. Kalipa ya breki, ile inayobana pedi kwenye diski, huteleza juu ya pini mbili. Grisi ikikauka na kutu ikaingia, pini moja hugoma, na pedi inabaki imeegemea diski hata ukiwa huna mguu kwenye breki. Gari haitoi kelele. Inakuwa nzito tu, na mafuta yanaisha.

Tembea kama kilomita kumi bila kupiga breki nyingi, simama polepole, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa diski. Linganisha kushoto na kulia. Rimu moja ikiwa na moto kuliko mwenzake, shuku kalipa hiyo. Nyumbani inua gurudumu kwa jeki, weka stendi na vizuizi, lizungushe kwa mkono: liende kwa wepesi, likikwaruza kidogo tu. Likigoma, fundi afungue pini. Pini yenye kutu ya juujuu husafishwa. Yenye vishimo hubadilishwa, na kimpira chake kikiwa kimepasuka kibadilishwe pia, kwani hapo ndipo maji yalipoingilia. Paka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya bearingi huvimbisha mpira, na baada ya muda pini itakwama tena.

Nyuma, angalia handbreki. Waya wake ukishika kutu hauregei wote.

Themostati iliyotolewa

Mafundi wengi huitoa themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwa hoja kwamba nchi hii ni ya joto. Matokeo yake injini haifiki joto lake la kazi, kompyuta inadhani bado ni baridi, inaongeza petroli, na gia ya juu ya otomatiki inachelewa kuingia. Kwenye injini ya 1NZ iliyomo katika IST na Probox nyingi na baadhi ya Vitz, themostati huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Dalili ni taa ya buluu ya baridi inayochelewa kuzimika, au inayowaka tena ukiwa njiani. Ukiwa na skana, kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, soma joto la maji kwa mwendo wa 80: likishuka mpaka nyuzi sitini na kitu, themostati haimo au imekwama wazi. Rudisha mpya, na ujaze kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, hula rejeta na pampu ya maji.

Mengine yapite haraka. Oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoundiwa oili nyepesi ya 5W-30 ni mzigo bure. Kama injini haili oili, rudi kwenye kipimo cha kiwandani, na 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Plagi za kawaida badilisha kila kilomita 20,000. Taa ya injini ikiwaka usiizoee, soma kodi ya hitilafu kwa skana, kwani sensa ya oksijeni mbovu inaweza kumwaga mafuta kuliko sababu nyingine zote. Filta ya hewa chafu kwenye injini za nozeli hupunguza nguvu zaidi ya kuongeza mafuta, lakini njia za vumbi zinaijaza haraka, kwa hiyo ibadilishe tu. Keria ya juu isiyobeba kitu ivue. AC izime ukiwa mwendo mdogo, fungua vioo. Ukipita 70, funga vioo na uiwashe.

Kuchangia gari

Kilomita 120 kwa gari ya 13 kwa lita ni kama lita 9.2, karibu shilingi 27,700 kwa bei tuliyoitumia juu. Majirani watatu wakichanga, kila mmoja ni kama 9,200, na hakuna ufundi wa gereji utakaokupa punguzo hilo. Pangeni saa ya kuondoka, nani analipa asipokuja, na oili na matairi vitatoka wapi. Iwe ni mchango wa mafuta baina ya mnaojuana. Kuokota abiria wa nauli njiani bila kibali kunakuweka matatani, na ajali ikitokea bima inaweza kukataa. Anayetokea upande wa Mahonda anaweza pia kuliacha gari Bububu mahali salama, akaingia mjini kwa daladala ya 502, akaepuka kipande ambacho gari husimama zaidi ya kutembea.