Namna ya kumsoma Yoshua bin Sira anapozungumzia mali na ibada

Mimi ni katekista. Jumuiya ikianza kubishana kama tajiri anaweza kumcha Mungu, huwa nawafungulia Yoshua bin Sira, mwalimu wa Yerusalemu aliyeandika kwa Kiebrania yapata mwaka 180 K.K. Kitabu chake kimo katika Biblia ya Kikatoliki.

Usianze na sura ya kwanza. Anza na ya 34, penye sadaka ya dhuluma. Anasema anayetoa sadaka kwa mali ya maskini ni sawa na kumuua mtoto mbele ya macho ya baba yake, na anayemnyima kibarua ujira wake anamwaga damu. Isomeni kwa sauti, tena mara mbili. Haulizi umetoa kiasi gani. Anauliza umekipata wapi. Hapo mimi huuliza waziwazi: dada wa kazi kalipwa? Fundi je? Msiendelee kabla watu hawajajijibu moyoni.

Ndipo mwende sura ya 31, ambako wengi hudhani mzee amejipinga. Apendaye dhahabu hatahesabiwa haki, anasema, kisha anamwita heri tajiri asiye na hatia. Mstari unaofuata ndio ufunguo: anauliza ni nani huyo, apate kusifiwa. Kwake tajiri mwadilifu yupo, ila ni wa kutafutwa. Tajiri huyo aliweza kutenda kosa na hakutenda. Msifunge kitabu hapo, kwa sababu papo hapo anageukia adabu za karamu: ukiketi kwenye meza ya mkubwa, usinyooshee mkono kila unachokiona. Meza hizo alizijua, na ndiyo maana naliamini onyo lake.

Atakayeona uchungu kwamba hana cha kutoa, msomee Walawi 5: asiyemudu kondoo alete hua wawili, asiyemudu hua alete unga. Marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, wa Mishna (mkusanyo wa mafundisho yao ya sheria), katika Menahot, sehemu yake ihusuyo sadaka za unga, waliona kwamba sadaka ya ng'ombe, ya ndege na ya unga zote zinaitwa harufu ya kupendeza. Atoe kingi au kidogo, mradi moyo wake uelekee mbinguni.

Sura ya 29 iwekeni kikao kingine. Inahusu kukopeshana: mkopaji hubusu mkono mpaka apate, siku ya kulipa huleta visingizio, na bado Bin Sira anataka umkopeshe jirani. Mjadala wake hauishi mapema.