Chumvi, ugumu au uchafu? Namna ya kupima maji ya nyumbani Mombasa kabla hujanunua chujio

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mama mmoja wa Kisauni aliniita: maji yake hayanyweki, na shawa ya umeme imemuungulia mara ya pili mwaka uleule. Nikaona chokaa imeganda kwenye mdomo wa bomba, nikamwambia haya ni maji magumu, nikamfungia mtungi wa kulainisha maji. Siku ya tatu akapiga simu. "Fundi, mwanangu, povu naliona, lakini chai mbona bado yachumvika?"

Alikuwa na haki. Mtungi ule kazi yake ni kubadilishana tu: hushika kalsiamu na magnesiamu, ambazo ndizo ugumu wenyewe, na mahali pake huachia sodiamu. Chumvi ya bahari hupita humo kama ilivyoingia. Nilimtibu ugonjwa mmoja naye alikuwa nao miwili. Tangu siku hiyo sifungi kitu kabla sijapima, na hivi ndivyo ninavyopima.

Hatua ya 1: Jua bomba lako lanywa wapi

Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji ya mfereji hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi kusini. Lakini mfereji huja kwa mgao, kwa hivyo wenye nyumba wengi wamechimba kisima uani. Kisima hicho kimechimbwa ndani ya jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa tupu. Maji yakipita humo huiyeyusha, ugumu ukaingia. Kisha bahari yenyewe ipo chini: maji tamu huelea juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kwa pampu kupita kiasi, ya chumvi hupanda. Si jambo geni. Ndani ya Fort Jesus kuna kisima cha Wareno ambacho maji yake yalikuwa ya chumvi, ya kuoshea tu. Ya kunywa walikusanya ya mvua kwenye birika.

Basi panda juu ya paa, uangalie tangi. Ukiona bomba mbili zinaingia, maji yako yamechanganywa, na ladha hubadilika kulingana na siku ya mgao. Mwulize keateka, yaani mwangalizi wa jengo, ila usimwamini sana. Fuata bomba kwa macho.

Hatua ya 2: Chota sampuli tatu

Moja kwenye mita kabla ya tangi, ya pili kwenye tangi lenyewe, ya tatu kwenye bomba la jikoni. Andika juu ya kila chupa. Kama kisima kiko karibu na ufuo, chota wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, kisha uchote tena wakati wa maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu. Matumbawe yana matundu, na kisima cha pwani husikia bahari.

Hatua ya 3: Pima ugumu kwa sabuni

Hapa usiharakishe. Chukua sabuni ya mche, ile ya kawaida ya kufulia. Sabuni ya unga haifai, kwa kuwa imetengenezwa ili itoe povu hata kwenye maji magumu, na itakudanganya. Kwaruza kijiko kimoja cha chakula, uyeyushe katika nusu lita ya maji ya mvua yenye uvuguvugu.

Tia robo lita ya maji unayoyapima kwenye chupa safi yenye kifuniko. Ongeza kijiko cha chai kimoja cha ile sabuni, funga, tikisa sekunde kumi, weka chini. Povu likizama, ongeza kijiko kingine. Endelea mpaka povu likae dakika tano bila kuvunjika, na uhesabu vijiko. Fanya vivyo hivyo na maji ya mvua ili upate pa kulinganishia. Kwangu mvua hula kijiko kimoja. Kisima kimoja cha Bamburi kilikula kumi na moja, na juu ukaelea utando mweupe mzito kama maziwa yaliyokatika. Utando huo ndio unaong'ang'ania ndoo, shuka na nywele.

Ukitaka tarakimu, nunua vijiti vya kupimia ugumu kwa wanaouza vifaa vya mabwawa ya kuogelea. Chini ya miligramu 60 kwa lita ni maji laini. Kati ya 121 na 180 ni magumu. Kupita 180 ni magumu sana. Ugumu haumdhuru mnywaji. Adui zake ni birika la umeme, shawa, sabuni na mbaazi. Wanaopika mbaazi za nazi wanalijua hili: unawasha moto tangu alfajiri, na punje bado zagonga meno.

Hatua ya 4: Pima chumvi

Kuna kipimo kidogo mfano wa kalamu, unakichovya kinakupa namba ya vitu vyote vilivyoyeyuka. Shirika la Afya Duniani linahesabu maji yaliyo chini ya miligramu 600 kwa lita kuwa na ladha nzuri. Yakipita 1000 yanaanza kutonyweka. Kipimo hiki hakijui chumvi wala chokaa, hujumlisha vyote, kwa hivyo kisome pamoja na vijiko vyako. Vijiko vichache na namba kubwa: hiyo ni chumvi. Vyote viwili juu: ni kama yule mama wa Kisauni.

Hatua ya 5: Uchafu, ambao hauonekani

Maji tamu, laini, meupe yanaweza kukulaza hospitali. Mgao ukikatika, bomba la mtaani hubaki tupu, na penye ufa maji ya mtaro huvutwa ndani. Anayefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa huzidisha uvutaji huo, tena huwanyang'anya jirani zake. Kwa hivyo mgao ukirudi, mwaga maji ya mwanzo mpaka yatakate.

Pima klorini kwa vijiti vya bwawa. Bombani iwepo angalau miligramu 0.2 kwa lita. Ikiwepo kwenye mita na isiwepo jikoni, huenda tangi lako ni chafu. Maji ya kisima yapeleke maabara yakapimwe vijidudu vya kinyesi na naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi, hasa kama choo cha shimo kiko uwanja mmoja na kisima. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi naitreti. Maji hayo usimkorogee mtoto mchanga maziwa.

Hatua ya 6: Sasa tibu ulichokipata

Kwa ugumu: maji ya kufulia, tia kijiko cha chai kilichojaa cha magadi ya kufulia kwenye ndoo ya lita 20, koroga, acha nusu saa chokaa itue chini. Usiyanywe hayo. Birika la umeme lenye ukoko, tia siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha saa moja, suuza. Kichwa cha shawa kifunge kwenye mfuko wa siki usiku kucha. Mtungi wa kulainisha ni kwa nyumba yenye ugumu bila chumvi.

Kwa chumvi: kuchemsha huongeza tu, maji yanapungua chumvi inabaki. Dawa ni mashine ya RO, inayosukuma maji kwa shinikizo kupitia utando unaozuia chumvi, nayo humwaga maji mengi kuliko inayotoa, kwa hivyo ifunge kwa ajili ya jikoni peke yake. Kwa kuogea, nunua shawa iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi, na hakikisha waya wa ardhini umefungwa. Maji ya chumvi hupitisha umeme upesi, na hapo sina mzaha.

Kwa uchafu: sugua tangi. Kwa lita 1000 tia lita moja na nusu ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, jaza maji, fungua kila bomba mpaka usikie harufu, funga, lala. Asubuhi mwaga yote, suuza. Klorini na siki visikutane kamwe, hutoa hewa ya sumu. Ya kunywa chemsha mpaka yatokote dakika moja.

Rudia vipimo mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kaskazi, kisima kikiwa kimekolea chumvi, na katikati ya masika, mvua inapoyasukuma maji ya vyoo ndani ya matumbawe. Yule mama sasa ana bomba mbili jikoni. La kushoto amelifunga uzi mwekundu, la kuoshea vyombo.