Video au visa vya Moodle? Namna ya kulinganisha kwa wanafunzi wa uuguzi

Mkufunzi mwenzangu hapa Mwanza alitaka kujua kipi kinawafaa zaidi wanafunzi wake katika kujifunza kumpima mgonjwa: video, au visa vya wagonjwa vya kusoma na kujibu maswali kwenye Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni). Tulipanga hivi.

1. Chagua stadi moja. Sisi tulichukua upimaji wa tumbo. Kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo, na muuguzi atakayepangiwa Ukerewe au Sengerema anahitaji mkono unaotambua ini na wengu vilivyovimba.

2. Wagawe makundi mawili kwa kura, la video na la visa. Wakijichagulia wenyewe, wenye simu nzuri watakimbilia video.

3. Wapime kabla ya somo, kwa orodha ya hatua ya 4 ikishakuwa tayari.

4. Andaa orodha ya kusahihishia. Hapa usiwe na haraka. Maswali ya kuchagua jibu hayapimi mkono, kwa hiyo mwanafunzi ampime mtu huku anatazamwa. Kila mstari uwe kitendo kinachoonekana. "Amepima tumbo vizuri" haufai kabisa. Andika "ameomba ridhaa", "amemlaza chali, magoti yamekunjwa", "amesikiliza kwa stetoskopu kabla ya kupapasa" (kwenye tumbo kusikiliza hutangulia, maana kupapasa kunaweza kubadili sauti za utumbo). Kwa wengu: "ameanzia chini kulia, akapandisha mkono kuelekea mbavu za kushoto". Anayeanzia juu huweza kuupita ukingo wa wengu mkubwa asiuhisi.

Kisha wasahihishaji wawili wamtazame mwanafunzi yuleyule, kila mmoja ajaze yake, na wasijue alisoma kwa njia ipi. Linganisheni mstari kwa mstari. Wakipishana, mara nyingi tatizo ni maneno ya mstari wenyewe. Uandikeni upya, mjaribu tena. Kwa takwimu tumieni kapa ya Cohen (kipimo cha makubaliano ya wasahihishaji wawili, kinachoondoa yale ya bahati). Asilimia ya kukubaliana peke yake inahesabu hata makubaliano ya bahati nasibu. Pasipokaa sawa hapa, msiendelee.

5. Fundisha. Makundi yote yapate muda uleule. Video iwe fupi, ionyeshe vidole kwa karibu, na ipakuliwe kwa Wi-Fi ya chuo ili bando lisiamue nani ajifunze. Visa navyo vifunguliwe hukohuko chuoni.

6. Pima baada ya somo, rudia baada ya wiki kadhaa. Linganisha kiasi ambacho kila mmoja ameongezeka, si alama za mwisho tu. Baada ya hapo wabadilishane njia, asinyimwe mtu, na wote waende wodini na mkufunzi wao: wengu hauhisiwi kwenye kioo cha simu.