Kuiandaa Fidla Mpya kabla ya Kuipiga

Fidla mpya inapofika mkononi mwa mnunuzi huwa mara nyingi bado haijawa tayari kupigwa. Nyuzi zimelegezwa, daraja, yaani kibao chembamba kinachoziinua nyuzi juu ya uso wa fidla, limelazwa au limefungwa peke yake kwenye karatasi, na singa za upinde, yaani nywele zinazosugua nyuzi, hazijapakwa kitu, kwa hiyo mwanafunzi anayevuta upinde papo hapo hupata ukimya mtupu na kudhani ameuziwa kitu kibovu. Tenga saa moja, kaa mahali penye mwanga, na utandike kitambaa laini mezani.

Kwanza chungulia ndani kupitia tundu lenye umbo la herufi f lililo upande wa uzi mwembamba. Utaona kijiti cha mviringo kimesimama kati ya uso na mgongo wa fidla, karibu na mahali unapokaa mguu wa daraja. Hakikuwekwa gundi, kimebanwa tu, nacho ndicho kinachofikisha mtetemo mgongoni. Wafaransa hukiita roho. Ukikikuta kimeanguka, usikaze uzi wowote, kwa sababu uso uliokosa nguzo unaweza kubonyea au kupasuka. Ipeleke fidla kwa fundi, kwani kukisimamisha kunahitaji chombo maalumu na mkono uliozoea.

Daraja ndilo linalodai uangalifu mkubwa kuliko yote. Nalo halina gundi, hushikiliwa na mkazo wa nyuzi pekee. Katikati ya kila tundu la f pana mkato mdogo upande wa ndani, na miguu ya daraja husimama kwenye mstari unaounganisha mikato hiyo miwili, upande wake mfupi ukiwa chini ya uzi mwembamba na ule mrefu chini ya uzi mnene. Kabla ya kupanga nyuzi, sugua ncha ya penseli kwenye mifuo ya juu ya daraja ili nyuzi ziteleze bila kulivuta. Hata hivyo litavutwa: kila unapokaza, kichwa chake huinamia shingo ya fidla kidogo kidogo, na asiyeangalia hulikuta limepinda au limeanguka kwa kishindo. Kwa hiyo simama kila baada ya mizunguko michache, uitazame fidla kwa ubavu, na uhakikishe kwamba ule uso wa daraja unaoelekea mkiani, yaani upande wa chini zinakofungwa nyuzi, umesimama wima. Ukiwa umeinama, ilaze fidla mapajani, shika ncha za juu za daraja kwa vidole vya mikono yote miwili, na ulirudishe taratibu bila kusogeza miguu yake.

Nyuzi, kuanzia ule mnene, ni G, D, A na E. Anza na A, yenye hezi 440 (yaani mitetemo 440 kwa sekunde), kisha D yenye takribani 294 na G yenye 196, na uimalizie E, takribani 659, kwa kuwa ni nyembamba na hukatika upesi. Programu ya simu inaweza kukusaidia, lakini chagua inayoonyesha namba pamoja na herufi, yaani G3, D4, A4 na E5. Herufi ileile hurudi kwa sauti ya juu zaidi, na namba ndiyo huonyesha ni ipi; programu inayoonyesha herufi tupu imewafanya wengi wapite sauti inayotakiwa na kuendelea kukaza hadi uzi ukakatika. Vigingi vya kichwani vimechongwa vikipungua unene kuelekea nchani, kwa hiyo sukuma kigingi kiingie ndani huku ukikizungusha, la sivyo kitarudi nyuma. Sauti ikishakaribia, malizia kwa skrubu ndogo za mkiani, ikiwa zipo. Ukilazimika kubadilisha nyuzi, toa mmoja mmoja, maana ukizitoa zote kwa pamoja daraja litaanguka na kijiti cha ndani kinaweza kulifuata.

Zamu ya upinde. Zungusha skrubu yake mpaka nafasi kati ya mti na singa, pale katikati, ilingane na unene wa penseli. Mti ubaki umejipinda kuelekea singa, usinyooke. Usiziguse singa kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi huzizuia kuushika uzi. Sasa chukua rozini, yaani utomvu mgumu wa msonobari. Kipande kipya huwa na uso unaong'aa kama kioo usioachia unga, kwa hiyo ukwaruze kwa msasa laini, kisha pitisha singa juu yake polepole kwa urefu wote, mara 20 hadi 30. Jaribu kwenye uzi wa A: upinde ukiteleza bila sauti, ongeza. Baada ya siku hii ya kwanza, mipitisho mitatu au minne kabla ya kupiga inatosha.

Nyuzi mpya huendelea kunyooka kwa siku kadhaa, kwa hiyo utazikuta zimeshuka sauti kila asubuhi. Zikaze tena na ulitazame daraja upya. Kila ukimaliza kupiga, futa unga wa rozini kwa kitambaa kikavu chini ya nyuzi, na ulegeze singa kabla ya kuurudisha upinde kashani.